Makala za wanachama kwenye jarida la Sacco: ziandikwe vipi ili zisomwe?

mhariri_kibarua · Jumatatu, saa 2:15 usiku

Hamjambo wadau. Nimekabidhiwa jarida la Sacco moja (chama cha akiba na mikopo) hapa Nairobi. Hutoka kila miezi 3, kurasa 12 za A4, nakala 800 za karatasi, pamoja na PDF inayosambazwa kwa WhatsApp. Wanachama wengi ni wafanyabiashara wadogo wa masoko ya Gikomba, Kamukunji na Marikiti, na madereva wachache wa matatu. Kila toleo lina hotuba ya mwenyekiti (maneno 1,200), picha za mikutano, na makala 5 za "mwanachama bora", kila moja ukurasa mmoja. Nakala nyingi huishia kufungia mandazi.

Hii hapa aya ya kwanza ya makala ya toleo lijalo. Jina nimelificha:

"Bi. Fulani ni mwanachama shupavu wa chama chetu ambaye alizaliwa katika familia maskini. Baada ya kumaliza masomo ya msingi alikuja Nairobi kutafuta riziki ambapo alipitia changamoto nyingi. Mnamo mwaka wa 2019 alijiunga na chama na kuweza kupata mkopo ambao ulimwezesha kupanua biashara yake ya kutengeneza masanduku ya bati katika eneo la Kamukunji. Kwa sasa biashara yake imenoga na ameweza kuwaajiri vijana wawili. Bi. Fulani anatoa wito kwa wanachama wengine wachukue mikopo na kulipa kwa wakati, kwani haba na haba hujaza kibaba."

Kila sentensi ni ya kweli. Lakini hata mimi nikifika "changamoto nyingi" macho yanateleza. Naomba mnisaidie: kasoro iko wapi hasa? Ukurasa mmoja ubebe maneno mangapi? Nikirudi kwake nina saa moja tu, niulize nini? Na hotuba ya mwenyekiti niifanyeje bila kufukuzwa?

---

kalamu_butu · Jumatatu, saa 4:02 usiku

Fanya jaribio hili. Ondoa "masanduku ya bati", weka "kuku wa mayai". Ondoa "Kamukunji", weka "Kitengela". Aya imebaki vilevile, haijatikisika hata kidogo. Basi hiyo si makala ya Bi. Fulani. Ni fomu iliyojazwa jina lake. Ukimaliza aya yoyote ya makala ya mtu, ibadilishie kazi na mahali hivyo hivyo, isipovunjika, irudie.

Sasa hesabu vitu unavyoweza kuviona au kuvishika ndani yake. Ni masanduku, basi. "Changamoto", "riziki", "kupanua" na "imenoga" ni maneno ya kufunika chungu: kuna kitu ndani lakini msomaji haonyeshwi. Changamoto ipi? Ilimgharimu shilingi ngapi, siku ipi?

Makala yenyewe iko humo, imezikwa kwenye neno "mkopo". Sanduku la bati lina msimu. Wazazi hulinunua shule za bweni zinapofunguliwa Januari, kwa wiki chache, kisha soko linapoa. Fundi anayetaka kuuza Januari huanza kutengeneza miezi kadhaa kabla. Mkopo nao haujui msimu. Tuseme alichukua 150,000 mwisho wa Oktoba, alipe kwa miezi 12, riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Tarehe 28 Novemba anadaiwa 12,500 za mkopo na 1,500 za riba, jumla 14,000. Desemba salio limeshuka hadi 137,500, riba ni 1,375, kwa hiyo anadaiwa 13,875. Ni shilingi 27,875 kabla mzazi hata mmoja hajauliza bei, huku pesa yote imelala kibandani ikiwa masanduku. Alilipaje?

Hapo ndipo pa kuanzia. Mahali popote ambapo mambo yangeweza kuharibika ndipo makala ilipo, na wasomaji wako wanapajua kuliko wewe na mimi. Mwuza mitumba aliyekopa anunue bale la makoti, kisha Juni ikawa na jua, anaielewa Desemba ya Bi. Fulani bila kufafanuliwa riba ni nini.

Mpangilio ningeupanga hivi: anzia Desemba, pesa zikiwa zimekwama. Aya mbili zinazofuata zirudi nyuma zieleze kwa nini alikopa kiasi hicho na kwa nini bati na si kitu kingine. Kisha songa mbele hadi tarehe 28, halafu Januari. Malizia na kilichobaki baada ya msimu: masanduku mangapi hayakununuliwa, na yako wapi leo. Kuzaliwa, shule ya msingi na safari ya kuja Nairobi viingie katika sentensi moja, pale tu vinapoeleza uamuzi fulani. Kama mama yake alikuwa akiuza vyungu Emali na ndiko alikojifunza kwamba bidhaa ya msimu haiendi kwa haraka yako, weka. Kama havielezi chochote, toa vyote. Hakuna atakayeviulizia.

Kuhusu lugha, mambo manne.

"Kuweza" futa. "Na kuweza kupata mkopo ambao ulimwezesha kupanua" ina kuweza mbili na haina tendo lolote. "Akakopa, akaongeza bati" inatosha. Ugonjwa huu umeenea kwenye majarida yetu yote. Tafuta "weza" kwenye kompyuta kabla ya kupeleka kwa mchapaji na utashangaa.

"Ambapo" yako imesimama karibu na "riziki" wakati inarejelea Nairobi. Sentensi ikishahitaji "ambaye", "ambapo" na "ambao" kwa mkupuo, ivunje vipande viwili.

Nyakati za vitenzi. Taarifa ya polisi hutumia -li- tupu: alinunua mabati, alikata mabati, alikunja mabati. Msimulizi huweka -li- moja kama nanga, kisha -ka-: alinunua mabati, akayakata, akayakunja, akayapiga ribiti. Kinachoendelea kando kichukue -ki-: nyundo zikilia pande zote. Cha kila siku kichukue hu-: hufungua saa moja asubuhi. Ila -ka- zikipita nne au tano mfululizo makala inageuka hadithi ya sungura na fisi. Rudi kwenye -li-, anza aya mpya.

Methali. "Haba na haba hujaza kibaba" ni ya mtu anayeweka akiba. Huyu amekopa 150,000 kwa siku moja. Methali isiyolingana na habari inaonyesha mwandishi alikuwa akitafuta mlango wa kutokea.

---

sauti_ya_mtaani · Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Nijibu la mahojiano, maana saa moja inatosha ukiipanga, na ukiipanga vibaya hata siku nzima haitoshi.

Dakika 15 za kwanza usirekodi wala usiulize la maana. Salimia, kaa kando, tazama. Andika vitu kumi unavyoviona ambavyo hutaviona kwenye kibanda kingine: anafulia bati juu ya nini (wengi hutumia kipande cha reli), mkasi wa bati ni wa aina gani, bei imeandikwa wapi na kwa kitu gani, mabaki ya bati yanatupwa upande upi. Kati ya hivyo kumi utatumia vitatu. Lakini usipoandika kumi hutajua vitatu vizuri ni vipi.

Dakika 30 ni za maswali. Usiulize "ulipitia changamoto gani?" Utajibiwa "changamoto ni nyingi," na kosa ni lako. Uliza swali ambalo jibu lake ni namba, siku, au kitu:

Karatasi moja ya bati inatoa masanduku mangapi ya kati? Vipande vinavyobaki vinaenda wapi?
Marejesho ya Desemba uliyalipa siku gani, na zile pesa zilitoka mfuko upi?
Nani alikuwa wa kwanza kujua kwamba pesa zimekwama? Ulimwambia mdhamini wako au ulimficha?
Kuna kitu ulikaribia kukiuza?
Msimu ulipoisha yalibaki mangapi?

Baada ya jibu, nyamaza. Hesabu hadi tano kimoyomoyo. Watu wengi hutoa jibu la adabu kwanza, na la kweli likafuata kimya kikizidi.

Dakika 10 za hesabu. Pitia naye kila namba kwa sauti: alikopa ngapi, lini, bei ya bati, bei ya sanduku. Namba zikigongana, zinagongana sasa, si baada ya nakala 800 kuchapwa. Dakika 5 za mwisho ni za majina: linaandikwaje, na anataka aitweje. Pale kazini huenda kila mtu anamwita Mama na jina la mtoto wake wa kwanza. Kwenye jarida chagua jina moja na ulishike hadi mwisho. Ukimwita Bi. aya ya kwanza, Mama aya ya tatu na "mama huyu shupavu" aya ya tano, msomaji anahesabu watu watatu.

Tahadhari za Kamukunji: kelele. Ukiweka simu mezani utarekodi nyundo tu. Ishike karibu na kifua chake, kama shubiri moja, au tumia kipaza sauti cha waya za masikioni ukibane kwenye kola. Rekodi sekunde 30, sikiliza, ndipo uendelee. Vyema zaidi, tazama kazi kibandani kisha mwalike kwa chai kibanda cha jirani mfanyie maswali huko. Na usiende wiki za kufungua shule. Hana saa moja ya kukupa, na akikupa itakuwa ya hasira.

Rekodi ya nusu saa hukula karibu saa mbili ukitaka kuandika kila neno. Usiandike kila neno. Ukisikia jambo zuri, andika dakika yake kwenye daftari ("dk 17, mdhamini"), baadaye unasikiliza vipande hivyo tu. Mara nyingi sentensi bora hutoka ukishafunga daftari mnaagana. Omba ruhusa hapo hapo: "Hili nalo naweza kuliandika?"

Nukuu: kwa makala ya maneno 400, tatu zinatosha. Usinukuu namba, zieleze wewe kwa maneno yako. Nukuu kile ambacho ni yeye tu angeweza kukisema. Kama alisema "Desemba ilinikuta na masanduku, sina hata thao," acha "thao" kama ilivyo. Wasomaji wako wanaijua. Usimfanye aseme "sikuwa na shilingi elfu moja", hakuna mtu anayeongea hivyo hapa mjini. Lakini sheng, lugha ya vijana wa mtaani, ibaki ndani ya alama za kunukuu. Mwandishi akianza naye "kusota" (kuishiwa pesa) kwenye masimulizi, wazee wanafunga jarida.

Kosa moja linalojirudia: saa. Mtu akikuambia kwa Kiingereza anafungua "six", ni saa kumi na mbili asubuhi. Nimekutana na makala ambamo muuza samaki wa alfajiri alifika sokoni saa sita, soko likiwa limeshaisha.

---

mzee_prufu · Jumanne, saa 5:10 asubuhi

Nakubaliana na walionitangulia, ila nitie breki kidogo. Vijana wakishajifunza kuanza na tukio, kila makala huanza na tukio. "Jua linachomoza Kamukunji, nyundo zinalia..." Toleo zima linakuwa machweo na macheo. Jua linachomoza kila mahali. Hiyo nayo itashindwa jaribio la kuku wa mayai. Tukio la mwanzo lina kazi moja: kumwonyesha msomaji tatizo. Kama nyundo hazihusiani na 13,875, nyundo zingoje aya ya tatu.

Tena si kila kitu ni makala. Tawi jipya limefunguliwa, kiwango cha gawio kimetangazwa, fomu za mkopo zimebadilika: hizo ni habari. Zianze na jambo lenyewe. Nani, nini, lini, wapi, bei gani, maneno 80 hadi 150, kwisha. Ukimwanzishia mwanachama taarifa ya gawio kwa maelezo ya mandhari, atakutukana na atakuwa na haki.

Hotuba ya mwenyekiti. Usimwambie ni ndefu. Mwambie unataka isomwe. Ichukue hotuba, tafuta ndani yake majibu ya maswali matatu ambayo wanachama huyauliza dirishani: gawio la mwaka huu ni asilimia ngapi na litaingia lini, mkopo unachukua siku ngapi kutoka, ni nini kimebadilika kwenye udhamini. Fanya maswali hayo vichwa vidogo, majibu yawe maneno yake mwenyewe, mafupi. Utapata maneno 250 hadi 300. Weka ukurasa wa 2 na picha yake ndogo. Hotuba nzima iwekwe kwenye PDF mwishoni, aliye na hamu ataifuata. Mwenyekiti akiona wanachama wanamuuliza juu ya alichosema badala ya kumsalimia tu, hatakusumbua tena. Akikataa kabisa, angalau futa "kwa upande wangu", "aidha", "ningependa kuchukua fursa hii" na "katika dunia ya leo". Maneno 150 yataondoka na hatagundua.

Kisha jambo ambalo hakuna aliyeligusa: ruhusa. Makala hii inataja mkopo wa mtu, na jarida linaishia kwenye WhatsApp, yaani kwa kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu jina, picha na hali ya fedha ya mtu kuwa data yake. Mali, ndoa, na majina ya watoto na wazazi wake ziko kwenye kundi nyeti zaidi. Na si sheria ya makaratasi tu: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mkahawa mmoja wa burudani milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja bila idhini yake.

Kwa hiyo andaa karatasi ya nusu ukurasa. Iseme makala itatoka wapi (karatasi, PDF, mitandao), ni namba zipi zitatajwa, ni picha zipi, na kwamba anaweza kubadili nia kabla ya tarehe fulani. Atie sahihi. Kijana wa chini ya miaka 18 akiwa kwenye picha, mzazi au mlezi wake ndiye anayetia sahihi. Majina ya wadhamini yasitajwe kabisa bila ruhusa yao wenyewe, wala salio lake la akiba. Mkumbushe pia kwamba mwenye nyumba na mashemeji nao watasoma. Wengine wakilifikiria hilo huomba kiasi cha mkopo kiandikwe "chini ya 200,000", nawe umwandikie hivyo.

Kabla ya kuchapa mpigie simu umsomee namba na nukuu zake tu. Usimtumie makala nzima: atampa binamu msomi, na itarudi na "shupavu" tano.

---

fundi_kurasa · Jumanne, saa 9:45 alasiri

La maneno na kurasa ni langu.

A4 ya safu mbili, herufi za pointi 10.5, ukurasa mtupu usio na picha unabeba kama maneno 650 hadi 700 ya Kiswahili. Weka kichwa, picha ya theluthi ya ukurasa na maelezo yake, inabaki nafasi ya 400. Ukileta 600 mpangaji atapunguza herufi hadi pointi 8.5, na mwanachama wa miaka 55 hatahangaika kutafuta miwani kwa ajili yako. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo safu tatu kwenye A4 huacha mianya mikubwa kati ya maneno ukinyoosha kingo zote mbili. Kaa kwenye safu mbili, kingo ya kulia iachwe huru.

Ningevunja huo utaratibu wa makala 5 za ukurasa mmoja mmoja. Zote zikiwa na ukubwa mmoja, hakuna inayoita jicho. Fanya moja kubwa ya kurasa mbili, maneno 800 na picha mbili, halafu wanachama watatu wa maneno 120 kila mmoja kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja akijibu swali moja lile lile ("Mkopo wako wa kwanza ulinunua nini?"). Ile kubwa iweke ukurasa wa 6 na 7. Jarida la kurasa 12 lililopigwa pini katikati hutoka kwenye karatasi tatu za A3, na 6–7 ndizo pekee zilizo kwenye uso mmoja wa karatasi moja, zikitazamana. Picha inaweza kuvuka mkunjo bila kukatika vibaya. Ukiivusha kwenye 4–5, nusu mbili zinatoka kwenye karatasi tofauti na sanduku la Bi. Fulani litapanda milimita mbili upande mmoja. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Usimletee mchapaji kurasa 14.

Picha. Zile za watu kumi wameshika hundi kubwa zina kazi yake: ndogo, ukurasa wa 11. Kwa makala piga mikono ikifanya kazi, kisha uso, kisha kibanda kizima kutoka mbali, angalau fremu 20 za kila moja. Usivute kwa zumu ya simu, sogea wewe. Chini ya mabati mwanga hutoka mlangoni tu, kwa hiyo mgeuze atazame mlango, nawe usimame kati yake na mlango lakini pembeni kidogo usimzibie. Akiupa mlango kisogo utapata kivuli chenye kofia.

Uchapaji unataka pikseli 300 kwa inchi. Picha ya upana wa sentimita 18 inahitaji pikseli 2,126 kwa upana. Ya sentimita 9, pikseli 1,063. Hapa ndipo wengi huangukia pua: picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha hubanwa na kupoteza ukali. Itume kama dokumenti, au ichukue kwa kebo. Kwenye skrini zote mbili zinaonekana sawa, tofauti unaiona karatasini wakati umeshalipa.

Maelezo chini ya picha yasiseme kinachoonekana. "Bi. Fulani akiwa kazini" ni kupoteza nafasi. Watu wengi husoma maelezo ya picha kabla ya aya ya kwanza, basi weka humo jambo ambalo halimo kwenye makala: "Sanduku la kati. Kona nne ndizo huliwa na kutu kwanza, kwa hiyo Bi. Fulani huzipiga bati mara mbili." Hilo uliulize siku ya mahojiano, usilitunge.

Kwa mchapaji: picha zigeuzwe kwenye mfumo wa rangi nne za uchapaji (CMYK), ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande, na maandishi meusi yawe wino mweusi mtupu. Meusi yaliyochanganywa na rangi zote nne yakisogea hata kidogo kwenye mashine, herufi ndogo huota kivuli. Huko River Road watakuchapia kwa haraka, lakini usitoke dukani bila prufu (nakala ya majaribio) ya karatasi iliyokunjwa kama jarida lenyewe. Prufu ya simu haionyeshi kurasa zilizopinduka.

PDF ya WhatsApp iwe toleo la pili, si hilo hilo. Safu mbili za A4 kwenye simu zinamlazimu msomaji avute, asogeze kulia, ashuke, arudi juu. Hafiki safu ya pili. Tengeneza kurasa nyembamba zenye umbo la simu, safu moja, herufi kubwa. Na ujumbe unaoisindikiza usiseme "Pata toleo jipya la jarida letu." Bandika sentensi mbili za kwanza za makala kubwa kisha faili.

---

mhariri_kibarua · Ijumaa, saa 3:20 usiku

Shukran sana. Nimerudi Kamukunji, nimekaa dakika 70. Karatasi ya ruhusa imetiwa sahihi, kiasi cha mkopo amekubali kitajwe. Ajabu ni kwamba mfano wa kalamu_butu wa 150,000 uliangukia pale pale. Mwanzo mpya ni huu:

"Tarehe 20 Desemba Bi. Fulani alikuwa na masanduku 64 na hakuwa na kitu mfukoni. Masanduku yalijaa kibanda mpaka darini. Mengine alikuwa ameyaomba hifadhi kwa jirani muuza majiko. Zilikuwa zimebaki siku 8 alipe marejesho ya 13,875. Wazazi wangeanza kuja Januari. Chama kisingengoja Januari.

Pembeni mwa kibanda, tangu Oktoba, kulikuwa na rundo la vipande vya bati alivyokuwa akivikata na kuvitupa. Asubuhi hiyo alilitazama rundo, akaketi, akaanza kukata vizoleo vya taka."

Vizoleo ndivyo vilivyolipa sehemu kubwa ya Desemba. Vingine alikopeshwa na dadake. Vichwa nilivyonavyo: "Masanduku 64 yalijaa, mfuko ukabaki mtupu", "Desemba ya masanduku 64", na mwenyekiti anapendelea "Mtaka cha mvunguni sharti ainame".

---

mzee_prufu · Ijumaa, saa 4:05 usiku

Hii nitaisoma. Marekebisho madogo: "ameyaomba hifadhi" iwe "ameyaombea hifadhi", masanduku hayakuombwa, yaliombewa. "Vingine alikopeshwa" iwe "nyingine", unazungumzia pesa, si vizoleo. Na ya dadake usiifiche kwenye makala. Ukisema vizoleo pekee vililipa, atakayejaribu kuiga atashindwa na atamlaumu Bi. Fulani. Andika kiasi: vizoleo vilileta ngapi, dada alitoa ngapi. Jumla iwe 13,875 kamili, au ueleze tofauti imetoka wapi.

---

kalamu_butu · Ijumaa, saa 4:31 usiku

Ongeza sentensi moja kati ya aya hizo mbili: vizoleo aliviuza kwa nani wiki ya Krismasi? Usimwache msomaji akijiuliza hilo hadi ukurasa wa pili. Namba 64 uliihesabu au alikuambia? Kama alikuambia, andika "kama 64" au mpigie aangalie daftari lake.

Methali ya mwenyekiti mpe nafasi kwenye ukurasa wake wa 2, ataridhika.

---

fundi_kurasa · Jumamosi, saa 2:50 asubuhi

Kichwa chukua cha pili. Kwa pointi 32 kinaingia mstari mmoja kwenye ukurasa wa 6. Cha kwanza kitakatika baada ya "yalijaa" na kula mistari miwili ambayo unaihitaji kwa ile sentensi ya Krismasi.